Antivairasi ipi kwa kompyuta ya watu sita?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nyumbani tuna kompyuta moja ya Windows na tunaitumia watu sita: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu na mdogo wangu wa kiume anayesoma chuo. Wote tunaingia kwa akaunti moja isiyo na neno la siri. Niliweka antivairasi ya bure, baadaye mdogo wangu akaongeza nyingine ya kulipia aliyopewa na rafiki yake kwenye flashi. Sasa kompyuta inachelewa sana kuwaka na virusi bado vinaingia. Wiki hii flashi ya mdogo wangu imegeuka, kila folda imekuwa shotikati na hati zake za chuo hazionekani. Mume wangu anasema tununue antivairasi ya maana, tumalize. Ipi inafaa kompyuta ya watu wengi? Na zile hati ndiyo zimekwenda?

Jibu: Dada yangu, nzuri, nashukuru. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Hati za mdogo wako hazijaenda popote. Zimo mle mle kwenye flashi, zimefichwa tu. Mwambie asiiformati, yaani asiifute yote, na asibofye tena shotikati hata moja.

Kirusi cha aina hiyo ni cha siku nyingi na hila yake haibadiliki. Kikiingia kwenye flashi kinazipa folda zako alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo. Windows ikiziona alama hizo haiionyeshi folda. Kisha kinatengeneza shotikati yenye jina lile lile na picha ile ile ya folda. Ukiibofya, kirusi kinaamka na kujinakili kwenye kompyuta, na papo hapo folda halisi inafunguliwa ili usishtuke. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nacho wiki nzima akiona kila kitu kipo sawa. Kinachokifichua ni kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto ya picha ya folda. Folda ya kweli haina kishale.

Dawa yake ina mpangilio, na hapo ndipo wengi hukosea: wanasafisha flashi kabla ya kompyuta. Flashi safi ukiichomeka kwenye kompyuta yenye ugonjwa inaambukizwa tena ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo ondoa kwanza zile antivairasi mbili, nitaeleza kwa nini, kisha fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, bofya Scan options na uchague ukaguzi wa Microsoft Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ulioandikwa offline. Kompyuta itajizima, itawaka upya na kujikagua kwa dakika kama 15 kabla Windows yenyewe haijaamka. Kirusi kilichozoea kujificha nyuma ya Windows kinakutwa kimelala.

Ukaguzi ukiisha, chomeka flashi lakini usiifungue. Bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi na uamuru Defender iikague. Usitegemee ukaguzi wa jumla wa kompyuta, kwa kawaida huo huziruka flashi. Baada ya hapo andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, na dirisha jeusi likifunguka andika mstari huu, ukibadilisha herufi E iwapo flashi yako imepewa herufi nyingine:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri, kisha fungua flashi. Folda zote zitakuwa zimerudi. Mdogo wako anakili maandishi na picha zake tu, aache kila faili linaloishia na .lnk, .vbs, .js au .exe, na hapo sasa ndipo aiformati.

Tuje kwenye zile antivairasi mbili. Kazi ya antivairasi ni kukaa mlangoni. Kila faili linapotaka kufunguliwa, inalishika, inalipekua, ndipo inaliachia lipite. Ukiweka mbili, kila faili linapekuliwa mara mbili, na kuna wakati kila moja inamsubiri mwenzake aachie kwanza. Huko ndiko kuchelewa kuwaka kunakotoka. Zaidi ya hapo, kila moja ina hifadhi yake ya alama za virusi, yaani vipande vya kuvitambulia, na karantini yake ya mafaili yaliyokamatwa, na mwenzake akizipitia anaweza kudhani ameviona virusi vyenyewe. Hupati ulinzi maradufu. Unapata walinzi wawili wanaokamatana huku mlango uko wazi.

Ile iliyotoka kwa rafiki kwenye flashi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Antivairasi ya kulipia iliyovunjwa leseni mara nyingi huja na maelekezo ya kuzima kwanza ulinzi wa Windows, kisha kuendesha kiprogramu cha kuiamsha. Fikiria hicho unachoambiwa ukifanye: unamzima mlinzi uliyenaye ili mtu usiyemjua aingie na kukabidhiwa funguo. Na funguo zenyewe ni za ndani kabisa, kwa sababu programu za ulinzi hukaa kwenye kiini cha mfumo. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni halali ya usalama, CrowdStrike, ilituma sasisho moja lenye kasoro, na kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikaanguka duniani kote, ndege zikashindwa kuruka. Yale yalikuwa makosa ya watu wenye nia njema. Programu ya wizi inayokaa kwenye kiini hicho hicho sina sababu yoyote ya kuiamini, na wewe huna. Iondoe leo. Ikigoma kuondoka kwa njia ya kawaida, kampuni nyingi za antivairasi hutoa bure kiprogramu cha kuifuta bidhaa yao hadi mizizi, kitafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, na ambalo kwangu ndilo jibu lenyewe.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ndogo yenye kompyuta moja ya watu wote. Walikuwa na antivairasi ya kulipia, leseni hai, alama ya kijani inawaka, na bado mafaili yao yalikuwa yakiharibika kila baada ya siku chache. Nilikagua masasisho, nikakuta ni ya siku ile ile. Nilikagua kama kweli inafanya kazi, inafanya. Baada ya muda nikafungua orodha ya vitu ambavyo antivairasi imeambiwa isivikague. Kulikuwa na mstari mmoja tu: C:\

Diski nzima. Mtu mmoja pale alikuwa na mchezo uliokataa kufunguka, akaona ujumbe unauliza kama aruhusu, akaendelea kuruhusu mpaka mchezo ukafunguka. Hakuwa na nia mbaya, wala hakujua kuwa amefungua mlango wa kila mtu. Kompyuta ilimruhusu kwa sababu kila aliyeketi pale aliketi kama mwenye nyumba.

Kompyuta yenu ipo hivyo hivyo. Watu sita wanaingia kwa akaunti moja, na nina hakika akaunti hiyo ni ya msimamizi, kwa sababu ya kwanza kutengenezwa Windows inapowekwa huwa hivyo. Maana yake mtoto wako mdogo kabisa ana uwezo wa kuizima antivairasi yoyote mtakayonunua, na kirusi chochote atakachokibofya kinaweza kuazima uwezo huo huo. Ndiyo maana sikuanza kwa kukutajia jina la programu. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja, swali la kwanza ni programu ipi inakamata zaidi. Kwenye kompyuta ya watu sita, swali la kwanza ni nani ana ruhusa ya kuizima.

Fanya hivi. Fungua Settings, nenda Accounts, tengeneza akaunti mpya na uipe cheo cha Administrator na neno la siri refu mnalolijua wewe na mume wako tu. Ijaribu kwanza, hakikisha inafunguka. Akaunti hiyo haitumiwi kusoma barua pepe wala kutazama video, inaingiwa siku ya kuweka programu au kubadili mipangilio. Kisha mtengenezee kila mtu akaunti yake ya kawaida, Windows inaiita Standard User, wewe na mume wako mkiwemo. Mwisho ishushe cheo ile akaunti ya zamani. Najua kujiondolea usimamizi kwenye kompyuta yako mwenyewe kunakera, mimi mwenyewe ninatumia akaunti ya kawaida kila siku na kuna nyakati inanichelewesha. Lakini mtu akijaribu kuweka programu, skrini itafifia na kuomba neno la siri la msimamizi, na hapo ndipo utakapomsikia mwanao akiita, “Mama, njoo uone, inataka neno la siri.” Dakika hiyo moja ya kuitwa ndiyo antivairasi bora kuliko zote ninazozijua, kwa sababu mtu mzima anasoma kilichoandikwa kabla ya kubonyeza.

Nisikudanganye kuwa akaunti ya kawaida inazuia kila kitu. Kirusi kinachofunga mafaili ili kudai fidia hakihitaji ruhusa ya msimamizi kufunga hati za yule aliyekifungua. Lakini hati za wengine watano zinabaki nje ya mkono wake, na kompyuta yenyewe inabaki mzima.

Ukishafanya hayo, uchaguzi wa antivairasi unakuwa mwepesi. Kwa nyumba yenu ningebaki na Microsoft Defender, ile ile iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, ambayo hujiamsha yenyewe ukiondoa nyingine. Miaka ya nyuma nisingekuambia hivyo. Ilipoanza kuja na Windows 8 mwaka 2012 ilikuwa inaachwa nyuma kwenye majaribio, na sifa hiyo mbaya bado inaifuata mitaani. Siku hizi hali ni nyingine, na huna haja ya kuniamini mimi. Kuna maabara mbili ambazo kazi yao ni kuzijaribu programu hizi na kuchapisha matokeo bure: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama hadi 6 kwa ulinzi, hadi 6 kwa wepesi na hadi 6 kwa urahisi wa matumizi, jumla 18. Ukiyasoma matokeo, usishangilie aliyeongoza mwezi mmoja. Soma ya mwaka mzima, na utaona wanaoongoza wanapishana kwa kiasi kidogo sana. Alama ya urahisi wa matumizi isome kwa makini kuliko wengi wanavyofanya, maana ndiyo inayopima ni mara ngapi programu imelia kwa faili lisilo na hatia. Antivairasi inayolia ovyo huwafundisha watu sita kubonyeza ruhusu bila kusoma.

Kuna sababu nyingine ya kuipendelea Defender kwenye kompyuta ya familia, nayo ni ukimya wake. Antivairasi nyingi za bure zinaishi kwa kukushawishi ulipie. Zinarusha vijidirisha: kompyuta yako ina matatizo, faragha yako ipo hatarini, bofya hapa. Matapeli nao hurusha vijidirisha vya namna hiyo hiyo kwenye kurasa za wavuti, vyekundu, vyenye king'ora, vikidai vimekuta virusi kadhaa. Mtoto wa miaka kumi atavitofautishaje? Ukiwa na programu tulivu unaweza kuwapa watoto agizo moja wanaloweza kulishika: chochote kinachopiga kelele kwenye skrini ni uongo, usikibofye, mwite mkubwa.

Ya bure ina gharama nyingine isiyoonekana. Mwaka 2020 Avast, kampuni ya antivairasi, ililazimika kuifunga kampuni yake tanzu ya Jumpshot baada ya kufichuka kwamba kumbukumbu za tovuti ambazo wateja wake wanatembelea zilikuwa zikiuzwa, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza data hizo kwa ajili ya matangazo. Simaanishi kila antivairasi ya bure inafanya hivyo. Namaanisha programu inayoona kila ukurasa unaofunguliwa na watu sita ni lazima uulize inaishi kwa nini.

Mume wako hajakosea kufikiria kulipia, na kuna nyumba ambazo ningewashauri hivyo: zenye kompyuta nyingi zinazosimamiwa na mtu mmoja kutoka mbali, au anayehitaji msaada wa kupigia simu. Kama bado mnataka, angalieni mambo yasiyoandikwa kwa herufi kubwa. Je, mipangilio yake inafungwa kwa neno la siri? Kwa kompyuta ya wengi hili ndilo la kwanza, isiyo nalo iacheni. Leseni inahesabu mashine au watu? Inajiongeza yenyewe na kukata pesa mwaka ukiisha? Na kama siku moja kompyuta hiyo itahamia kwenye kikundi au ofisi, jueni kuwa matoleo mengi ya bure yanaruhusiwa kwa matumizi binafsi tu.

Defender yenyewe inataka kurekebishwa kidogo. Ukiwa kwenye akaunti ya msimamizi, hakikisha Tamper Protection imewashwa, hiyo inazuia programu nyingine kuizima kinyemela. Washa pia kinga dhidi ya programu zisizotakiwa, maana nyingi kati ya takataka zinazoletwa na michezo ya kupakua haziitwi virusi, ni matangazo yaliyojipachika. Controlled folder access huwa imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haitaweza kugusa hati na picha zenu. Itakusumbua wiki ya kwanza kwa kuzuia programu halali mbili tatu, utaziruhusu, na baada ya hapo itatulia. Na pitia ile orodha ya vitu visivyokaguliwa. Kwenye kompyuta yenu inapaswa kuwa tupu.

Kisha ijaribu. Usikubali alama ya kijani peke yake. Kuna maandishi ya herufi 68 yaitwayo EICAR, yametengenezwa makusudi ili kila antivairasi iyachukulie kama kirusi ilhali hayana madhara yoyote. Yapakue kwenye tovuti ya EICAR yenyewe ukiwa umeingia kwa akaunti ya mmoja wa watoto. Defender ikiyakamata kabla hujayafungua, imeamka. Ikiyaacha yapite, kuna kitu hakijakaa sawa na ni afadhali umejua leo.

Masasisho ya Windows sina haja ya kuyasemea mengi, mfano mmoja unatosha. WannaCry, kirusi cha fidia, ilipolipuka Mei 2017 na kufunga kompyuta hata za hospitali za Uingereza, tundu ililolipitia lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu Machi. Wengi walioumia walikuwa hawajasasisha kwa miezi miwili. Kwa hiyo angalia toleo lenu. Kama ni Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Defender itaendelea kupewa alama za virusi vipya kwenye toleo hilo hadi Oktoba 2028, lakini mlinzi mwenye orodha mpya ndani ya nyumba yenye kuta zilizotoboka hatoshi. Hamieni Windows 11 ikiwa mashine inakubali. Ikikataa, na matumizi yenu ni wavuti na kuandika, Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ni njia halali kabisa na watoto huizoea upesi kuliko sisi.

Na kama intaneti kwenu ni ya kukatikakatika, msiache alama za virusi zikae miezi. Microsoft hutoa faili liitwalo mpam-fe.exe, lipakueni mahali penye intaneti, lileteni kwa flashi safi, mlifungue kwa akaunti ya msimamizi. Alama zote mpya zimo humo.

Kuhusu ile pesa ambayo mume wako yuko tayari kuitoa, ningemwomba anunue diski ya nje. Mara moja kwa wiki, mmoja wenu aichomeke, anakili hati na picha za kila mtu, aichomoe na kuirudisha kabatini. Kuchomoa usikusahau, kwa sababu kirusi cha fidia hufunga kila diski kinachoikuta imechomekwa. Mdogo wako anaweza kupewa kazi hiyo. Baada ya yaliyompata wiki hii sidhani kama atakataa.